Utando Mwembamba wa Metali Juu ya Grafini: Njia Sita za Kuuotesha na Namna ya Kuchagua

Mtu aliyekwisha kupata kipande cha grafini, kikiwa kimelazwa salama juu ya bamba la silikoni lenye oksidi, mara nyingi hukwama katika hatua inayofuata: atumie njia gani kuweka juu yake utando wa metali wenye unene wa nanomita 2, 5 au 10, utando ulioungana na ulio safi, bila kuiharibu grafini iliyo chini? Mashine za kufanyia kazi hii ni nyingi, na kila moja ina watetezi wake. Ninachokusudia hapa ni kuziweka njia sita mbele ya maswali yaleyale, ili msomaji aone kila njia inampa nini na inamnyima nini. Maoni yangu nitayasema waziwazi, lakini nisieleweke kwamba iko njia inayozishinda nyingine zote, kwa sababu anayetaka miguso ya umeme ya transista na anayetaka kichocheo cha kemia kilichotawanywa juu ya unga wa grafini hawana shida moja.

Ugumu uko wapi

Grafini, ambayo Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga kule Manchester mwaka 2004, ni tabaka moja tu la atomi za kaboni. Kila atomi imekwisha kujifunga na jirani zake watatu, kwa hiyo juu ya uso wake hakuna kifungo kilichobaki wazi cha kuipokea atomi ngeni. Atomi ya dhahabu inayotua hapo hushikwa kwa sehemu ndogo tu ya elektronivolti 1 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo kama atomi na elektroni), ilhali ndani ya dhahabu yenyewe kila atomi imeshikwa na wenzake kwa takriban elektronivolti 3.8. Matokeo yake ni kwamba atomi hiyo huteleza huku na huko hadi ikutane na nyingine, au ikwame penye ukingo, mkunjo au kasoro, na hapo ndipo kisiwa kinapoanza. Max Volmer na A. Weber walieleza ukuaji wa namna hii mwaka 1926, na majina yao ndiyo yanayotajwa hadi leo kila metali inapokataa kutandaa na kuamua kujikusanya.

Ugumu wa pili ni unyeti wa grafini yenyewe. Ili atomi ya kaboni ing'oke kutoka katika kimiani chake, yaani wavu wa atomi uliopangika, inatosha kuipa takriban elektronivolti 20 kwa pigo moja. Katika bamba la silikoni, uharibifu unaoishia kina cha nanomita 1 ni jambo la kusameheka. Katika grafini, unene wote wa kitu chenyewe haufiki hata nusu ya nanomita, hivyo hakuna kina salama kilichobaki.

Ugumu wa tatu husahauliwa sana, nao ni gesi iliyobaki ndani ya chombo. Shinikizo likiwa karibu milibari 0.000001, ambalo wengi huliita ombwe zuri, molekuli za gesi zinazogonga uso zinatosha kuufunika kwa tabaka zima katika muda wa takriban sekunde 1, iwapo zote zitanasa. Dhahabu hailijali jambo hilo kwa kuwa haizipokei. Titani huzipokea zote.

Maswali ya kuiuliza kila njia

Kwa kila njia nitauliza mambo matano. Je, atomi na chembe nyingine zinafika juu ya grafini zikiwa na nishati kiasi gani? Je, ombwe au mazingira yake ni safi kiasi gani kwa metali unayoitaka? Je, utando unaotoka ni wa visiwa au umeungana, na kuanzia unene gani? Je, joto, kemikali au mionzi ya mashine huathiri nini kingine kilichopo kwenye sampuli, hasa mabaki ya plastiki ya PMMA ambayo hutumika sana katika kuhamisha grafini? Na mwisho, gharama na ukubwa wa eneo: kazi hii inawezekana kwa nani?

Kabla ya mashine, hata hivyo, metali yenyewe huamua mengi kuliko wengi wanavyodhani. Dhahabu, fedha, shaba na alumini huishika grafini kwa ulegevu na kuiacha na tabia zake za elektroni karibu zilezile. Titani, kromi, nikeli, kobalti na paladi huishika kwa nguvu zaidi, hupanda mbegu nyingi ndogo zilizosongamana, na kwa sababu hiyo utando wake huungana mapema. Lakini mshiko huohuo huibadilisha grafini iliyo chini. Desturi ya kuweka nanomita 1 hadi 5 za titani au kromi kwanza, kisha dhahabu juu yake, imetokana na hapo: tabaka la chini ni gundi, la juu ni njia ya umeme. Gundi hiyo inafaa kwa miguso ya transista, ila ni hasara kwa anayetaka utando unaopitisha mwanga, kwa sababu titani na kromi hunyonya mwanga hata zikiwa nyembamba sana. Basi mtu asichague mashine kabla hajajua kama anaweza kuishi na gundi.

Njia ya kwanza: uvukizaji kwa kipashajoto

Hii ndiyo njia ya zamani na iliyo rahisi kueleweka. Vipande vya metali huwekwa katika kibakuli kidogo cha tungisteni, mkondo mkubwa wa umeme hupitishwa, metali huyeyuka na kuanza kuvukiza, na mvuke husafiri moja kwa moja hadi kwenye sampuli iliyoning'inizwa juu. Katika ombwe la milibari 0.000001 atomi inaweza kwenda makumi ya mita bila kugongana na nyingine, kwa hiyo hufika ikiwa na nishati ileile iliyotoka nayo, yaani sehemu ya kumi hivi au mbili za elektronivolti. Kwa upande wa nishati hakuna njia ya ombwe iliyo pole kuliko hii, nami huiona kuwa mahali pa haki pa kuanzia kwa yeyote ambaye grafini yake haina ya akiba.

Upole huo una gharama yake. Atomi inayotua taratibu haina msukumo wa kujipandia mbegu, hivyo dhahabu na fedha huunda visiwa vilivyo mbalimbali. Hapa inafaa kutazama kwa karibu kile ambacho mashine inasema na kile kinachotokea. Fuwele ya kwatzi iliyo ndani ya chombo hupima uzito ulioongezeka kwa kufuatia mabadiliko ya mtetemo wake, kisha huugeuza kuwa unene kana kwamba metali imetandaa sawasawa. Kioo cha mashine kikionyesha nanomita 3 za dhahabu, hadubini ya elektroni huonyesha vijidonge vyenye kimo cha nanomita kadhaa, vikiwa vimetenganishwa na grafini tupu, na mita ya umeme iliyowekwa kati ya ncha mbili haioni njia yoyote zaidi ya ile ya grafini yenyewe. Njia ya dhahabu huanza kuungana karibu na nanomita 10, na mara nyingine hata baada ya hapo, ikitegemea usafi wa uso na kasi ya kuweka. Idadi ya matabaka ya grafini nayo ina sauti: dhahabu iliyowekwa kwa pamoja juu ya kipande chenye sehemu ya tabaka moja na sehemu ya matabaka mawili hutoa visiwa vya ukubwa na msongamano tofauti katika kila sehemu.

Viko vitu viwili vya kusaidia. Cha kwanza ni kuongeza kasi, kwa sababu atomi zikija kwa wingi hukutana kabla hazijateleza mbali, na mbegu huwa nyingi. Cha pili ni kuipoza sampuli kwa naitrojeni ya maji, ambayo huchemka kwenye kelvini 77, ili atomi zikose joto la kutembelea. Ajihadhari tu anayepoza: ni lazima ombwe liwe safi kabla ya kupoza, kwani mvuke wa maji uliobaki utaganda kwanza juu ya grafini.

Kuhusu metali, njia hii inazipenda zile zinazoyeyuka mapema: alumini kwa nyuzi 660 za Selsiasi, fedha kwa 962, dhahabu kwa 1064, shaba kwa 1085. Kromi nayo huwekwa kwa urahisi kwa kuwa huvukiza kabla ya kuyeyuka. Platini, inayoyeyuka kwa nyuzi 1768, ni shida. Joto la kibakuli huangaza pia juu ya sampuli, hivyo PMMA inaweza kulainika iwapo umbali ni mdogo na kazi ni ndefu. Kwa gharama, mashine hii ni miongoni mwa zilizo nafuu zaidi, na inazimudu sampuli za sentimita kadhaa bila taabu. Inamfaa mwanafunzi, maabara ndogo, na yeyote anayetaka dhahabu, alumini au kromi bila kuitoboa grafini.

Njia ya pili: uvukizaji kwa mwali wa elektroni

Tofauti na ya kwanza ni jinsi metali inavyopashwa joto: mwali wa elektroni wenye volti 10,000 hivi huelekezwa kwenye metali iliyomo katika chungu kinachopozwa kwa maji, na sehemu inayopigwa ndiyo pekee inayoyeyuka. Atomi zinazotoka zina nishati ndogo kama zile za njia ya kwanza. Kwa hiyo, kwa swali la nishati ya atomi, njia hizi mbili ni ndugu.

Wapo wanaoiogopa kwa sababu ya elektroni zenyewe, na hofu hiyo inahitaji kupimwa vizuri. Elektroni ya kilovolti 10 haiwezi kuing'oa kaboni kwa pigo la moja kwa moja; hadubini za elektroni huitazama grafini kwa kilovolti 80 na kimiani hubaki kizima. Athari ya kweli iko pembeni: eksirei na elektroni zilizopotea njia huacha chaji ndani ya oksidi iliyo chini ya grafini, na huyabadilisha mabaki ya PMMA hadi yawe magumu kuondolewa kwa asetoni. Kwa anayepima usafi wa elektroni katika transista hilo ni jambo zito. Anayetaka utando wa kufunika tu hatalitambua.

Faida yake kuu ni wigo wa metali na udhibiti. Titani, nikeli, paladi na platini zote huwekwa humo, na vyungu kadhaa katika mashine moja huwezesha kuweka gundi na dhahabu bila kufungua chombo. Hilo la mwisho si dogo. Titani ikiwekwa kwa kasi ya nanomita 0.05 kwa sekunde, tabaka lake moja la atomi huchukua sekunde 5 hivi kukamilika, na katika ombwe la milibari 0.000001 muda huo unatosha gesi kufika mara kadhaa ya kiasi cha kulifunika. Kinachopatikana ni kitu kilicho karibu na oksidi ya titani kuliko titani. Ombwe likishuka hadi milibari 0.00000001, gesi huhitaji zaidi ya dakika moja kufanya kazi hiyohiyo, na metali hubaki metali. Ukiona miguso ya titani na dhahabu yenye ukinzani unaobadilika wiki hadi wiki katika mashine moja, kipimo cha shinikizo ndicho cha kutazama kwanza, kabla ya kuilaumu grafini.

Paladi inastahili kutajwa peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa IBM waliripoti ukinzani wa mguso wa paladi na grafini wa takriban omu 110 kwa kila mikromita ya upana, katika halijoto ya kelvini 6. Kwa anayejenga transista, nadhani mwali wa elektroni wenye ombwe safi ndiyo njia ya kuanzia, mradi awe na fedha za mashine au ruhusa ya kutumia ya wengine.

Njia ya tatu: spataringi

Katika spataringi, gesi ya agoni huwashwa kuwa plazima, yaani gesi ya chembe zenye chaji, ayoni zake (atomi zilizopoteza elektroni) huvutwa kwa volti mia kadhaa kuelekea bamba la metali, na atomi za metali hudondoka kama maembe yanayopopolewa kwa mawe. Njia hii hufunika eneo kubwa kwa usawa, hukubali karibu metali zote pamoja na aloi, hushika vizuri, na hutumika sana viwandani. Utando wake huungana mapema, kwa sababu atomi hutua na nishati ya elektronivolti kadhaa na hujipandia mbegu nyingi. Kwa swali la umbo la utando peke yake, spataringi ingeipita uvukizaji kwa urahisi.

Tatizo ni kwamba mbegu hizo mara nyingine ni vidonda. Wengi hudhani mkosaji ni atomi ya metali, lakini hesabu ya migongano yaelekeza kwingine. Atomi ya dhahabu yenye elektronivolti 5 haiwezi kuing'oa kaboni. Mkosaji mkubwa ni agoni inayodunda. Ayoni ya agoni iliyovutwa kwa volti 400 ikigonga dhahabu, ambayo ni nzito karibu mara tano kuliko yenyewe, inaweza kurudi nyuma ikiwa na hadi elektronivolti 175 hivi, na kwa kuwa imekwisha kupoteza chaji yake, hakuna uga wa umeme unaoweza kuizuia. Agoni hiyo ikiigonga kaboni uso kwa uso, inaweza kuipa zaidi ya elektronivolti 100, yaani mara tano ya kinachohitajika kuing'oa. Shaba hurudisha kiasi kidogo zaidi, karibu elektronivolti 20 kwa mgongano kama huo, na titani hurudisha pungufu ya hapo kwa sababu uzito wake unakaribiana na wa agoni. Ndiyo maana kuisema spataringi kwa jumla kwamba inaiua grafini si haki: spataringi ya platini au dhahabu karibu na bamba ni hatari, ile ya titani yenye shinikizo la kutosha ni jambo jingine.

Hatua za kupunguza madhara zinajulikana. Shinikizo la agoni likipandishwa, chembe hugongana njiani na kupoteza nishati. Kwa milibari 0.005 umbali kati ya mgongano na mgongano ni sentimita 1 hivi, kwa hiyo sampuli iliyo sentimita 15 kutoka kwenye bamba hupokea chembe zilizokwisha kupoa kwa kiasi kikubwa. Nguvu ya umeme ipunguzwe, sampuli isogezwe kando ya mhimili au hata igeuziwe mgongo bamba, ili zifike atomi zilizotawanyika tu. Bei ya hatua hizo ni kasi ndogo, gesi zaidi ndani ya utando, na ukinzani mkubwa kidogo. Hatua ninayoiamini zaidi ni kuvukiza kwanza nanomita chache za metali kama ngao, kisha kumalizia kwa spataringi.

Ushahidi utafutwe kwa spektroskopia ya Raman, yaani kumulika sampuli kwa leza na kusoma vilele vya mwanga unaotawanywa, ambavyo hupewa majina kama G, 2D na D. Grafini nzima huonyesha kilele cha G karibu na 1580 kwa kila sentimita, na kile cha 2D karibu na 2700. Kilele cha D karibu na 1350 huchomoza pale kimiani kinapokuwa na kasoro, na uwiano wa D kwa G hupanda kadiri vidonda vinavyoongezeka. Sampuli ipimwe kabla na baada, mahali palepale, kwa utando mwembamba unaoruhusu mwanga kupita. Spataringi inamfaa mwenye maeneo mapana, mwenye grafini ya matabaka mengi ambayo tabaka la juu linaweza kutolewa mhanga, na mwenye aloi ambazo uvukizaji ungezitenganisha.

Njia ya nne: uwekaji wa tabaka la atomi kwa mizunguko ya gesi

Njia hii, inayofahamika kwa kifupi chake ALD, iliendelezwa nchini Finland na Tuomo Suntola katika miaka ya 1970, naye akatunukiwa Tuzo ya Teknolojia ya Milenia mwaka 2018. Gesi yenye metali huingizwa, hushika uso, mabaki husafishwa, kisha gesi ya pili huingizwa kuikamilisha kemia, mzunguko hurudiwa. Platini, kwa mfano, huongezeka kwa karibu nanomita 0.05 kwa kila mzunguko.

Nishati ya chembe haipo katika hesabu, kwa kuwa hakuna kinachorushwa. Usafi unategemea kemia: mabaki ya kaboni au oksijeni kutoka katika gesi yenyewe hubaki ndani ya utando iwapo halijoto haikutosha. Joto ni la kadiri, mara nyingi kati ya nyuzi 100 na 300, ambalo ni zito kwa PMMA lakini si kwa grafini. Oksijeni inayotumika kwa platini, hata hivyo, ikisaidiwa na platini yenyewe kama kichocheo, inaweza kuanza kuila grafini joto likizidi.

Swali linalokata shauri ni la umbo. Gesi inahitaji kifungo kilicho wazi ili ishike, na uso wa grafini hauna. Matokeo yake metali huota penye kingo, mikunjo na mipaka ya punje tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilitumia jambo hili kwa manufaa, wakaweka platini kwenye mistari ya kasoro ya grafini peke yake na kuiacha sehemu nyingine tupu. Kwa hiyo anayetaka utando ulioungana kwenye uso safi atalazimika kuupanda mbegu kwanza, na mbegu za ozoni au plazima ni vidonda vilevile tulivyovikimbia. Lakini kwa unga wa grafini, sponji yenye vitundu, au oksidi ya grafini iliyopunguzwa (iliyoondolewa sehemu ya oksijeni yake), hakuna njia nyingine ya gesi inayofika kila pembe kama hii. Wanaotengeneza vichocheo na vitambuzi vya gesi ndio wanaofaidi zaidi.

Njia ya tano: kupaka metali kwa umeme ndani ya mmumunyo

Hapa grafini yenyewe ndiyo kathodi, yaani ncha hasi ya umeme ambako metali iliyo katika mmumunyo hutua. Haihitaji ombwe, haihitaji mashine ya bei, na nishati yake ni ndogo mno. Kiasi cha metali hupimwa kwa chaji: nanomita 1 ya shaba juu ya sentimita moja ya mraba huhitaji milikulombi 2.7 hivi, ambazo ni sekunde 2.7 za mkondo wa miliampea 1. Usahihi huo wa hesabu ni mzuri, ila umbo linabaki kuwa la visiwa vinavyoanzia kwenye kasoro, na utando ulioungana wa chini ya makumi ya nanomita ni vigumu kupatikana. Grafini ina ukinzani wa omu mia kadhaa au zaidi kwa kila mraba, kwa hiyo metali hurundikana karibu na waya wa kuingilia na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Tena volti ikizidi, hidrojeni hutoka kwenye uso na mapovu yake huibandua grafini; wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi ili kuitoa grafini kwenye shaba ilikokulia. Inamfaa mwenye bajeti ndogo anayetaka chembechembe au tabaka nene, na vitambuzi vya kemia.

Njia ya sita: mwali wa atomi katika ombwe kuu

Kwa shinikizo la milibari 0.0000000001 uso hubaki safi kwa saa nyingi. Grafini huoteshwa humo humo juu ya kabidi ya silikoni au juu ya fuwele ya iridi, hivyo haijawahi kugusana na PMMA, na metali hufika kwa mwali mdogo unaodhibitiwa vizuri juu ya sampuli iliyopozwa au kupashwa joto kwa kadiri. Nishati ni ya uvukizaji, yaani ndogo. Gharama ni kubwa kuliko zote, sampuli ni ndogo, na kazi ya siku nzima inaweza kutoa utando mmoja.

Kinacholipia gharama hiyo ni mambo ambayo kwingine hayawezekani. Grafini iliyo juu ya iridi huwa na mawimbi ya mpangilio yanayojirudia kila nanomita 2.5, na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba vikundi vidogo vya atomi za iridi hukaa humo kimoja kimoja kwa safu, kila kimoja mahali pake. Jambo la pili linanivutia zaidi, kwa kuwa linalizunguka tatizo la visiwa badala ya kupambana nalo: metali hupitishwa chini ya grafini. Mwaka 2020 kikundi cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kilionyesha kwamba gali, indi na bati hupenya kupitia kasoro zilizowekwa kwa makusudi, hutandaa kati ya grafini na kabidi ya silikoni kwa unene wa atomi chache, nazo hubaki bila kuliwa na hewa. Kazi hiyo hufanyika katika tanuri la mvuke, si lazima katika ombwe kuu, ingawa inahitaji grafini iliyooteshwa juu ya kabidi. Kwa anayetafuta metali ya unene wa atomi chache iliyotandaa kwa kweli, swali la kujiuliza ni kama lazima iwe juu.

Kuchagua kwa kufuata hali yako

Ikiwa una kipande kimoja cha grafini iliyobanduliwa kutoka katika grafiti, na unataka miguso ya transista, anza na mwali wa elektroni, ombwe la milibari 0.00000001 au karibu nalo, titani au kromi nyembamba kisha dhahabu, au paladi. Kama oksidi iliyo chini ndiyo unayoichunguza na chaji za eksirei zitakuvurugia vipimo, rudi kwenye kipashajoto na utumie kromi.

Ikiwa unataka utando wa dhahabu unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, kubali moja kati ya mawili: gundi inayonyonya mwanga kidogo na kukuwezesha kushuka chini ya nanomita 10, au dhahabu tupu iliyowekwa haraka juu ya sampuli baridi, ikiwa nene zaidi. Katika hali zote mbili usiipashe moto baadaye. Utando wa nanomita chache hujikusanya upya kuwa visiwa kwa nyuzi mia chache tu.

Ikiwa visiwa ndivyo unavyovitaka, kwa ajili ya kukuza ishara za Raman au kwa ajili ya kichocheo, uvukizaji wa polepole juu ya sampuli yenye uvuguvugu utakupa visiwa vikubwa kwa bei nafuu, na umeme ndani ya mmumunyo utakupa kwa bei ndogo zaidi. Ikiwa grafini yako ni unga au sponji, mizunguko ya gesi ndiyo ya kuangalia kwanza.

Ikiwa unachunguza sayansi ya uso wenyewe, jinsi atomi zinavyotembea na kukutana, ombwe kuu halina mbadala, na ni bora kushirikiana na maabara iliyo nalo kuliko kujaribu kulikisia kwa mashine ya kawaida.

Na ikiwa mashine pekee iliyo wazi kwako ni ya spataringi, kama ilivyo kwa wengi wanaotegemea maabara za pamoja, kazi bado inawezekana. Chagua titani, au shaba ikibidi, kwa tabaka la kwanza badala ya dhahabu au platini, pandisha shinikizo, shusha nguvu, sogeza sampuli mbali au uigeuze, na uweke kando yake kipande cha grafini ya bei nafuu iliyooteshwa kwa mvuke juu ya shaba na kuhamishiwa kwenye oksidi. Kipime hicho kwa Raman baada ya nanomita 1 ya kwanza. Uwiano wa D kwa G ukiwa haujapanda, endelea na sampuli yenyewe kwa mipangilio hiyohiyo, na ukiwa umepanda, punguza nguvu tena kabla hujaigusa.